Jinsi ya kujua joto la maji kabla hujaenda kupiga mbizi

Ukitafuta kwenye intaneti jina la sehemu unayoenda pamoja na maneno "joto la bahari" utapewa namba moja chap chap, tuseme nyuzi 27, na watu wengi wanaishia hapo hapo wanafunga begi. Namba yenyewe si ya uongo, ila ni ya juu ya maji, na wewe safari yako ni ya chini.

Kwanza ujue inatoka wapi. Tovuti nyingi zinachukua vipimo vya setilaiti, na setilaiti inayotumia infraredi inasoma ngozi ya juu kabisa ya maji, nyembamba kuliko unywele, halafu mawingu yakitanda haioni kitu, kwa hiyo ile siku inajaziwa kwa hesabu kutoka vipimo vya siku za nyuma na vya sehemu za jirani. Ramani za NOAA Coral Reef Watch, mradi wa Marekani unaofuatilia joto la bahari kwenye matumbawe, ni nzuri, ni bure na zinatoka kila siku, lakini hata zile kisanduku kimoja ni kama kilomita 5 kila upande, yani ghuba ndogo unayoenda kuzamia inaweza ikawa imemezwa humo ndani pamoja na bahari kuu. Zitumie kuona hali ya jumla, kwamba mwaka huu joto la maji liko juu au chini ya kawaida, basi.

Kingine, angalia tarehe. Kurasa nyingi za watalii zinaandika wastani wa mwezi uliokokotolewa kwa miaka mingi na msomaji anadhani ndo joto la leo. Kama kwenye ukurasa huoni kipimo kimechukuliwa lini, huo ni wastani, na wastani haukwambii chochote kuhusu mwaka wa El Niño wala upepo uliovuma wiki iliyopita.

Cha kuaminika zaidi kwa juu ya maji ni boya lenye kipimajoto. Kituo cha Marekani kinachosimamia maboya, NDBC, kinaweka data wazi za boya moja moja, na unaweza kurudi nyuma mpaka siku 45. Usichukue namba ya mwisho ukaondoka, tazama mstari unavyokwenda. Ukiona joto limeshuka nyuzi 3 au 4 ndani ya siku mbili, ujue upepo umesukuma maji ya juu kwenda mbali na ufuko na ya baridi yamepanda kutoka chini kuziba nafasi, na itachukua muda kutulia. Pwani ya California hii ni kawaida kila mwaka. Kule Monterey jua la mwezi wa 5 linawaka vizuri tu lakini maji ni ya baridi kuliko ya mwezi wa 9, manake upepo wa majira ya kuchipua ndo unaoleta baridi juu. Mtu akikisia joto la maji kwa kuangalia hali ya hewa, sehemu kama ile itamuumbua. Na hakikisha unasoma selsiasi, tovuti za Kimarekani mara nyingi zinaanza na farenhaiti, 78 yao ni kama 25 na nusu yetu.

Sasa tuje chini, na hapa ndo penye kazi. Maji yanajipanga kwa matabaka, la juu la moto, la chini la baridi, na kati yao kuna mpaka unaitwa themoklaini ambao ukiuvuka unausikia usoni mara moja, mita moja tu na joto limebadilika kabisa. Pale Nusa Penida, Bali, kati ya mwezi wa 7 na wa 10 unaweza kuanza kwenye maji ya nyuzi 26 na huko chini kompyuta ya kuzamia unayovaa mkononi ikasoma chini ya 20. Maziwa ya nchi za baridi ndo zaidi, kiangazi watu wanaogelea juu kwa raha na chini kabisa maji yako karibu na nyuzi 4, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yanakuwa mazito kuliko yote kwenye nyuzi 4 na yanazama. Zipo sehemu ambazo namba moja inatosha, kama Silfra kule Iceland ambako ni nyuzi 2 mpaka 4 mwaka mzima, ila ni chache.

Siri ya mtungi aijuaye kata, kwa hiyo hali ya chini waulize wanaozama pale. Lakini uliza vizuri. Ukiuliza "maji ni baridi?" utajibiwa "hapana yako poa", na anayejibu ameyazoea au anataka uje. Andika hivi: "Habari za kazi, nakuja wiki ya pili ya mwezi wa 8. Mlizama lini mara ya mwisho, mlifika mita ngapi, na kompyuta ilionyesha nyuzi ngapi za chini kabisa? Viongozi wenu wiki hii wanavaa suti ya unene wa milimita ngapi?" Hilo swali la mwisho nalipenda kuliko yote, manake mtu anayezama kila siku pale hawezi kuvaa suti ya milimita 7 na kofia ya mpira bila sababu. Uliza vituo viwili tofauti vya kuzamia, majibu yakipishana nyuzi moja au mbili usijali, kompyuta hazifanani na zinahitaji dakika kadhaa kutulia, hasa ikiwa ilikuwa juani kwenye boti. Wakipishana nyuzi 6, muulize kila mmoja ni kina gani.

Ukishapata namba, panga kwa ile ya chini kabisa. Maji yananyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na kama unazama mara tatu kwa siku ile ya tatu utaisikia baridi hata kama maji ni yale yale. Kwa makadirio, nyuzi 27 kwenda juu milimita 3 inatosha watu wengi, 22 mpaka 26 chukua 5, 16 mpaka 21 chukua 7 na kofia, chini ya hapo fikiria suti kavu, ile isiyoingiza maji. Suti ya mpira inabanwa na maji kadiri unavyoshuka na kuwa nyembamba, kwa hiyo ukisita kati ya suti mbili za unene tofauti chukua ile nene. Kama utakodi suti huko huko, waulize mapema kama wana nene ya saizi yako, na kofia beba ya kwako, haichukui nafasi kwenye begi.