Kumtuma dukani mtoto mwenye mahitaji maalum mpaka aende na arudi peke yake

Mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji huwa hatumwi dukani, kwa kuwa nyumbani pana ndugu wenye mbio kumshinda. Akifika miaka 18 anastahili kitambulisho kama mtu mzima yeyote, na huku hajapata kununua hata hamri moja kwa mkono wake. Msisubiri umri huo. Anzeni na duka moja, kitu kimoja.

Kitu hicho kiwe anachokipenda, na bei yake iwe sarafu moja kamili, ili chenji isiingie kwenye somo bado. Shilingi 20 yafaa. Sarafu za Kenya zilizotoka 2018 ni rahisi kwa asiyejua tarakimu: 20 ina ndovu, 10 ina simba, 5 ina kifaru, 1 ina twiga. Zile za zamani zenye nyuso za marais ziwekeni kando mpaka amezizoea za wanyama. Zikichanganywa mapema hukisia tu.

Igawe safari vipande vidogo: kuchukua pesa, kuvaa ndara, kutoka, kufika kona, kufika dukani, kutoa salamu, kuomba, kulipa, kupokea, kurudi, kumkabidhi aliyemtuma. Kisha fundisha kuanzia nyuma. Siku za kwanza fanyeni yote pamoja, ila kile cha mwisho akifanye mwenyewe: aingie ndani, ampe bibi kile kitu mkononi. Akikiweza siku tatu mfululizo bila msaada, ongeza kipande kilichotangulia. Kwa njia hii kila safari humalizikia pale anapopaweza, na apewe shukrani hapo hapo. Ukianzia mwanzo, kila siku atakwama katikati, na safari itaishia kwa wewe kumfanyia.

Kinachoharibu kazi hii kuliko vyote ni mdomo wa mzazi. Mama humwambia "toa pesa" kwa mapenzi, kesho tena, kesho kutwa tena. Mwisho mtoto amejifunza kuisubiri sauti ya mama, wala hautazami mkono wa muuza duka. Anapokwama, hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Bado? Onyesha kwa kidole. Bado? Mguse kiwiko umwelekeze. Neno liwe la mwisho kabisa, kwa sababu msaada wa maneno ndio mgumu kuuondoa. Kunyamaza huku kunauma, hasa watu wa barazani wakitazama, lakini zile sekunde 10 ndizo anazotumia kufikiri.

Kabla ya siku ya kwanza, nenda kwa mwenye duka wakati hana wateja. Mwombe asimwulize mengi, ampe muda, na asimpe kitu bure. Hili la mwisho lieleze vizuri, maana watu wa Lamu wana huruma: peremende ya bure humfundisha kwamba duka halihitaji pesa, na akienda kwingine akichukua bila kulipa ataitwa mwizi. Mtoto asiyesema abebe pakiti tupu ya kile anachonunua, aiweke juu ya kaunta.

Njiani, alama zake ziwe zisizohama: mlango wa nakshi, msikiti, kona ya kutokea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Mkokoteni wala meza ya muuza mbaazi si alama. Siku haipo, amepotea. Katika vichochoro vya mitaa ya Mkomani na Langoni mfundishe jambo moja kabla ya yote: akisikia kwato, asimame na mgongo ukutani mpaka punda apite. Punda mwenye magunia huijaza njia na hapindi. Zoezi hili lifanyeni mara nyingi mkiwa pamoja, na punda wa kweli. Nambari ya simu ya nyumbani ishonee ndani ya mfuko wa nguo, isiwe nje inaposomwa na kila mtu.

Sasa jitoe kidogo kidogo: hatua 3 nyuma yake, kisha kona moja nyuma, kisha baraza la jirani, kisha nyumbani. Akikosea, rudi kwenye umbali uliotangulia tu. Mwezi wa Ramadhani saa za maduka hubadilika, na mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul Awwal) mji hujaa wageni wa Maulidi; siku hizo mfuate tena kwa karibu, hata kama alikwisha kuzoea.

Chenji ije baadaye. Asiyeweza kujumlisha mpe kanuni ya kumi ya juu: bei ikiwa 34, atoe simba tatu, halafu simba mmoja zaidi. Kisha akinge kiganja na asiondoke mpaka kimewekwa kitu. Mfuko wake uwe na sehemu mbili, moja ya pesa ya kwenda na moja ya chenji, nawe uihesabu mbele yake akirudi.

Anapolimudu duka hilo, mpeleke la pili mara moja. Wengi hujifunza duka lile lile na muuzaji yule yule, na siku likifungwa hurudi mikono mitupu. Duka la pili rudia vipande vyote. Kwa kawaida huchukua siku chache kuliko la kwanza.