Marafa: usiende kupiga picha tu, soma yale mawe

Sie watu wa Mombasa tukienda Marafa, lile korongo la minara ya mchanga ndani kule kupita Malindi, ni yaleyale, twafika, twasimama ukingoni, picha kumi na tano, "mashallah pazuri", haya turudi Malindi tukale samaki. Mie pia mara ya kwanza nilifanya hivyo, tena nilienda saa saba mchana na ndara mguuni, jua latoka juu na joto latoka chini, nikakaa dakika ishirini nikatoroka. Mara ya pili nikajipanga na ndio nikaona kitu. Sasa ntakwambia nilivyofanya.

Anza nyumbani kabla hujapanda gari. Tafuta kipande cha jiwe la timbo, haya tunayojengea nyumba, likwaruze mpaka litoe unga kisha kamulia ndimu. Utaona povu. Hilo jiwe lilikuwa matumbawe baharini zamani za kale, na ndio mwamba huohuo Wareno waliojengea Fort Jesus kuanzia 1593. (Usiende kukamulia ndimu ukuta wa Ngome, tafadhali, tumia kipande chako.) Marafa si matumbawe. Kule ni mchanga na udongo ulioshikana, tabaka juu ya tabaka, na haukushikana sana, ukiukwaruza kwa kucha waanguka. Huo ulaini ndio siri ya pale pote.

Jaribio la pili ni tamu zaidi, fanya na watoto. Changanya mchanga na udongo kidogo, ulowanishe, ushindilie kwenye beseni, halafu panga juu shilingi za kumi kumi. Toboa kifuniko cha chupa ya maji uinyunyizie polepole kama mvua, usiwe na haraka. Mchanga ulio wazi utachimbika, ulio chini ya shilingi utabaki umesimama kama mnara mdogo na kofia yake kichwani. Basi ile minara ya Marafa ni hivyohivyo, pahali palipo na tabaka gumu kidogo, chini yake pamekingika, pengine pote mvua na upepo vimekula. Zamani palikuwa kilima kizima. Wagiriama wapaita Nyari, yaani pahali palipobomoka penyewe, na hilo jina kwangu lina maana kuliko hilo la Hell's Kitchen la watalii.

Kuna wenzao kule Utah, Marekani, Bryce Canyon, nayo ni minara ya rangi kama hizi, ila kule barafu yafanya kazi kubwa: maji huingia kwenye nyufa usiku, yaganda, yatanuka, yapasua jiwe. Sie hatuna barafu, mvua zetu zatosha.

Haya, safari. Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, kisha wavuka daraja la Sabaki ukaingia ndani upande wa Magarini, kitu kama kilomita 30 hivi. Gari za kwenda ndani si nyingi kama za Malindi, kwa hivyo ulizia mapema na panga kulala Malindi, usijidanganye eti utarudi Likoni usiku huohuo. Fika saa tisa na nusu au saa kumi. Viatu vya kufunga, maji lita mbili kila mtu, na nguo nyeupe iache nyumbani, fulana yangu mpaka leo ina rangi ya chai.

Lipa kiingilio, chukua kijana wa pale akuongoze, shuka naye pole pole. Ukifika chini usitazame juu kwanza, tazama ukuta ulio karibu na uso wako. Fuata mstari mmoja wa rangi kwa kidole bila kuugusa, utaona waenda mnara hadi mnara kwa usawa mmoja, kumaanisha zote zilikuwa kitu kimoja kabla hazijakatwa. Nyekundu na chungwa ni chuma kilichoshika kutu, sawa na bati la nyumba ya Nyali linalopigwa na chumvi. Nyeupe ni pale chuma ni kidogo. Hapo sasa muulize kijana hadithi ya wale matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akawazamisha, ataonyesha nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu, sikiliza yote usimkatize na habari zako za kutu.

Mvua ikiwa imenyesha usishuke, njia huwa tope tupu na yale makorongo madogo ndio mifereji yenyewe. Na usipande mnara hata ukiwa mfupi, wala usichonge jina lako, kumbuka kucha.

Ikikaribia saa kumi na mbili panda tena ukingoni, geuka ulipe jua mgongo, utazame ukuta wa mbele. Ile pinki uliyoiona mchana imepauka sasa yawaka kama makaa, kwa dakika chache tu, halafu kunguru wapita na mbu waanza.