Kiti na Dumu la Maji Vyatosha Kuanzia Mazoezi Nyumbani
Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi, na sehemu kubwa ya hayo inawezekana sebuleni. Egemeza kiti imara ukutani, simama ukikipa mgongo, kisha shuka taratibu hadi ukiguse bila kukikalia, na uinuke visigino vikiwa vimekanyaga sakafu barabara. Rudia mara 10. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwani miguu hii ndiyo itakayotuinua kitini uzeeni. Kwa mikono, nyanyua dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo lina uzito wa takriban kilo 5. Magoti yakiuma unaposhuka kwenye kiti, tafuta kiti kirefu zaidi kwenda juu.