Maua ya milimani kwenye bustani ya mawe: chunga maji ya majira ya baridi

Mimea ya milima ya Alps huvumilia baridi vizuri sana. Ukiipanda Uingereza, Uholanzi au kaskazini mwa Ujerumani, kinachoiua mara nyingi ni unyevu wa Desemba na Januari. Kwao, theluji huifunika kwa miezi, na chini yake hukaa bila kulowa hadi jua lirudi. Huku bondeni mvua haikatiki, shina hulowa pale linapotoka ardhini, kisha huoza. Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa kabla ya kununua mche hata mmoja.

Chagua mahali penye jua, mbali na miti inayodondosha maji na majani. Ng'oa magugu yote yenye mizizi ya kudumu, hasa nyasi zinazotambaa, kwani mawe yakishakaa hutaifikia mizizi hiyo tena. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, tandaza kwanza kokoto au matofali yaliyovunjwa, kina cha sentimita 15 hivi. Juu yake weka mchanganyiko wa udongo wa kawaida, mboji ya majani na changarawe, kwa vipimo sawa. Samadi usitie kabisa: mimea hii imezoea ardhi maskini, na ikishiba hurefuka, hulegea na kutoa maua machache.

Zika theluthi ya kila jiwe, uso wake wa juu uinamie nyuma kidogo ili mvua iteremkie kwenye mizizi. Ukishapanda, zungushia kila shina changarawe ya sentimita 2 au 3.

Kwa anayeanza, napendekeza Aubrieta. Haina masharti mengi. Ikimaliza kuchanua ikate hadi nusu, itachipua upya. Pulsatilla vulgaris, yenye maua ya zambarau mwezi wa Aprili, ina mzizi mrefu usiopenda kuguswa, kwa hiyo ipande ingali changa na usiihamishe. Gentiana acaulis ina buluu isiyo na mfano, lakini hutaka jua na udongo usiokauka wakati wa kuchipua, na pengine hugoma kuchanua bila sababu ya wazi. Ikigoma, ihamishie upande mwingine wa bustani.

Androsace, yenye majani ya manyoya, iwekee juu kipande cha kioo cha dirisha, kuikinga na mvua, kuanzia Oktoba hadi Machi, pande zote zikiwa wazi ili hewa ipite. Miche nunua kwenye vitalu vinavyoizalisha vyenyewe. Ya porini iachwe mlimani.