Somo: Kuandika pacha mwovu katika hadithi ya kutisha

Somo hili linamfaa anayeandika hadithi fupi ya maneno kama 3,000 na anataka kumleta mtu wa pili mwenye sura ileile ya mhusika mkuu, ambaye hapa tunamwita pacha ingawa si wa kuzaliwa. Mbinu hii imezoeleka, na kuzoeleka si kosa. Kosa ni kutegemea sura peke yake: mhusika anageuka, anajiona, anapiga ukelele. Mshtuko huo unaisha ndani ya sentensi moja. Kinachomnyima msomaji usingizi ni kuona nafasi ya mtu imekaliwa na mwingine, na wa nyumbani kwake hawana habari. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Jaza sentensi ya pacha

Kabla hujaandika tukio lolote, jaza hii: "Pacha anataka … , atakipata kwa … , na hawezi … ." Ukijaza "anataka kumharibia maisha" hujasema kitu, maana huwezi kuligeuza kuwa tukio. Ukijaza "anataka kitanda chake, atakipata kwa kufika nyumbani mapema, na hawezi kuingia mwenye kitanda akiwa ndani," hapo tayari una matukio matatu.

Nafasi ya tatu ndiyo muhimu zaidi. Pacha katika "William Wilson", hadithi ya mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe ya mwaka 1839, hawezi kupaza sauti. Huongea kwa mnong'ono tu. Mpaka huo mmoja unatisha kuliko uso wake. Pacha asiye na mpaka angeweza kummaliza mhusika ukurasa wa kwanza, na msomaji makini atauliza mbona hafanyi hivyo.

Hatua ya 2: Chagua asili moja, hata kama hutaitaja

Kuna njia nne kuu: kiumbe kutoka nje aliyevaa sura, mtu anayeishi akilini mwa mhusika, nakala iliyotengenezwa, au mhusika mwenyewe ndiye nakala bila kujua. Chagua moja na uiandike juu ya rasimu. Wa akilini hawezi kuacha matope sakafuni yakafagiwa na mtu mwingine. Wa kutoka nje anaweza. Rasimu nyingi zinavunjika hapa. Mwandishi anataka msomaji abaki na mashaka, kwa hiyo anachanganya ushahidi wa asili mbili zinazopingana, na mwishoni hakuna jibu linalokubaliana na matukio yote. Mashaka mazuri ni yale ambayo majibu mawili yote yanawezekana tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitaka hayo, pitia kila dalili na uulize: je, hii inasimama kwa majibu yote mawili? Isiposimama, ifute.

Hatua ya 3: Mpe tofauti moja, na ujue nani anaiona

Macho mekundu na tabasamu pana mno vimechakaa. Tumia jinsi mtu anavyojijua mwenyewe. Uso wako unaujua kwa kioo. Mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto hulizoea likiwa upande wake wa kushoto anapojitazama. Akisimama mbele ya pacha, kovu linakuwa upande wake wa kulia. Ataona uso wake umekaa vibaya, ilhali ndugu zake wataona uso wa kawaida kabisa. Sasa geuza: pacha aliyetoka kwenye kioo, kovu lake liko nyusi ya kulia. Mhusika atamwona sawa, na mama ndiye atakayekunja uso bila kujua sababu. Hizo ni hadithi mbili tofauti, kwa hiyo amua unaandika ipi.

Sauti nayo ni hivyohivyo. Sauti yako ukiongea hukufikia kwa hewa na pia kupitia mifupa ya fuvu, ndiyo maana iliyorekodiwa huisikia nyembamba na ngeni. Mhusika hataitambua sauti ya pacha mlangoni. Watoto wake wataitambua mara moja na kukimbia kumfungulia.

Hatua ya 4: Waandike wanaomkubali

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana kikulacho ki nguoni mwako. Katika hadithi ya mwandishi Mrusi Dostoevsky ya mwaka 1846, pacha anaajiriwa ofisi ileile ya mhusika, na wafanyakazi wenzake hawashangai inavyostahili. Kutoshangaa kwao kunatisha kuliko ukelele wowote. Linganisha:

"Rehema aligeuka akaona mtu anayefanana naye kabisa. Alishtuka sana, moyo ukamwenda mbio."

"Rehema alisimama mlangoni na mfuko wa dawa mkononi. 'Umesahau nini tena?' mama aliuliza bila kugeuka. 'Si umeingia sasa hivi.' Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa dawa, umefungwa fundo mbili, kama anavyofunga yeye."

Katika mfano wa pili pacha haonekani kabisa. Hakuna neno "hofu", na mama hana ubaya wowote. Ile fundo ya pili ndiyo inayofanya kazi yote: inaonyesha kwamba aliyekuja anamjua Rehema kwa undani.

Hatua ya 5: Panga dalili kwa ngazi

Kwa maneno 3,000, dalili tatu zinatosha. Ya kwanza iwe kabla ya neno la 400, na iwe na maelezo mepesi: mtu anasema alikusalimia jana hukuitikia. Ya pili, karibu na neno la 1,000, iwe kitu cha kushikika, kama ule mfuko. Ya tatu, karibu na neno la 1,700, imnyang'anye mhusika kitu: nafasi yake mezani, zamu yake kazini, jina la utani analoitwa na mmoja tu. Dalili zikiwa tano zenye uzito sawa, taharuki inalala, kwa sababu msomaji ameshajua na anakusubiri wewe.

Hatua ya 6: Tukio la kukutana

Liwe moja, fupi, maneno 400 hadi 500. Pacha asijieleze. Akianza kuhutubia asili yake na mipango yake, hofu imekwisha.

Angalia sana sarufi. Kiambishi "a-" kinawabeba wote wawili, kwa hiyo "alimshika mkono akamsukuma" haisemi nani kamsukuma nani. Mhusika mpe jina lake kila mara, pacha mwite "yule", na usibadilishe hata mara moja. Ukishamzoesha msomaji hivyo, unaweza kutumia badiliko lenyewe kama silaha: baada ya mapambano, sentensi ya kwanza inampa jina yule aliyekuwa "yule". Msomaji atarudi juu kuhakikisha. Lakini ukiwa umeteleza mara moja hapo kabla, ataliona badiliko kuwa kosa la uhariri.

Hatua ya 7: Panda kipimo mapema

Ukitaka kumalizia kwa pacha kubaki na mhusika kupotea, msomaji awe na njia ya kujua. Panda jambo dogo katika robo ya kwanza ambalo pacha hawezi kuliiga, kulingana na nafasi ya tatu ya Hatua ya 1. Litokee mara mbili kwa kawaida, kisha mwishoni likosekane. Usilifafanue. Ukiongeza "hapo ndipo alipogundua kuwa huyu si yeye," umemfanyia msomaji kazi aliyotaka kuifanya mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nikitumia pacha si nitaambiwa nimeiga?

Jibu: Mbinu haina mwenyewe. Kuiga ni kuchukua mfuatano wa matukio, ile tofauti ya pekee na ule mwisho wa mwandishi mwingine. Jaza Hatua ya 1 kwa kitu kinachotoka kwenye maisha ya mhusika wako na hutakanyaga shamba la mtu.

Swali: Natumia nafsi ya kwanza. Msimulizi akichukuliwa nafasi, nani anaendelea kusimulia?

Jibu: Pacha, kwa "mimi" ileile. Ili ieleweke, mpe msimulizi mazoea mawili ya usemi tangu mwanzo, kwa mfano kutaja saa kila anapoingia mahali na kutotumia kamwe neno "nyumbani". Aya ya mwisho iyavunje yote mawili. Zoea moja halitoshi, wengi hawataliona.

Swali: Kwa nini mhusika asimpige picha tu kwa simu?

Jibu: Mwache apige. Picha itaonyesha uso wake mwenyewe, na kila atakayeoneshwa atasema "mbona ni wewe?" Simu inakuwa hatari kwa hadithi pale tu wote wawili wanapotokea kwenye picha moja, kwa hiyo uamue mapema kama utaruhusu hilo. Saa iliyoandikwa kwenye picha ni dalili nzuri ya pili.

Swali: Msomaji wangu alidhani ni mapacha wa kuzaliwa.

Jibu: Funga mlango huo mapema, mhusika mwingine aliulize swali hilo kabla ya msomaji. Ukihitaji ushahidi, alama za vidole husaidia: hata mapacha wa kufanana hutofautiana vidole, kwa hiyo alama zikilingana kabisa, jibu la kawaida limeondoka.

Swali: Je, mwishoni naweza kusema alikuwa mgonjwa wa akili?

Jibu: Kama jibu la kufunga ghafla, hapana, linafuta kila kitu msomaji alichokiogopa na linamgeuza mgonjwa kuwa jini wa hadithi. Ipo hali halisi iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1923 na daktari Joseph Capgras na mwenzake, ambapo mtu anaamini jamaa yake amebadilishwa na anayefanana naye. Ukiitumia, mfanye huyo awe msimulizi tangu ukurasa wa kwanza, mwandike kwa heshima, na hofu yake iwe ya kweli kwake.

Swali: Nina maneno 500 tu.

Jibu: Dalili moja, shahidi mmoja, asili usiiguse, na kukutana kusiwepo. Anza mhusika akiwa mlangoni, mfuko mkononi.