Somo la bolingi: mkao wa mwili na namna ya kuachia mpira

Karibu kila aliyenitumia video ananiuliza habari za mkono. Nikunje vipi kifundo, nizungushe wakati gani, nitie nguvu kiasi gani? Sasa fanyeni jambo moja: isimamisheni video pale pale mpira unapotoka, mjiangalie miguu. Goti limenyooka, kiuno kimesimama, mtu yuko wima kama mlingoti wa bendera. Mpira wa kilo sita ukiachiwa kutoka urefu huo utadondoka tu, na kishindo kitasikika hadi kaunta ya kukodisha viatu.

Kwa hiyo leo tunaanzia chini, mkono tutaufikia baadaye. Nimeandika kwa anayetumia mkono wa kulia na kutembea hatua nne.

Kabla ya kugusa leni (njia ya kuviringishia mpira)

Viatu vya kukodi vina soli zinazoteleza, na lazima ziteleze. Usiende navyo msalani wala usikanyage soda iliyomwagika. Soli ikilowa hunata ghafla, mguu unasimama nawe unaendelea na safari.

Mpira mzito kabisa unaoruhusiwa ni pauni 16, yaani kama kilo 7.26. Usiuchukue ili watu wakuone. Ning'iniza mpira ubavuni, ubembeze mbele na nyuma mara tano. Kama bega linavutwa chini au kiwiko kinajikunja, rudisha, chukua mwepesi zaidi. Kidole gumba kiingie hadi mwisho na kitoke bila kuvutana na tundu. Tundu likipwaya mno utalazimika kubana, na anayebana hawezi kuachia.

1. Tafuta pa kusimama

Nenda karibu na mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka unapoachia mpira, zipe mgongo pini (vile vigingi kumi vya kuangushwa), tembea hatua nne na nusu za kawaida yako, kisha geuka. Hapo ndipo pako. Ile nusu ni ya kuteleza. Angalia nukta zilizo sakafuni, kumbuka vidole vya mguu wa kushoto viko kwenye nukta ipi, usimame hapo kila mara.

Macho je? Pini ya kwanza iko futi 60 kutoka mstari wa faulo, zaidi ya mita 18. Huwezi kulenga kitu cha mbali hivyo kwa uhakika. Ndiyo maana kuna mishale saba iliyochorwa kwenye leni, mita nne au tano tu mbele ya mstari. Leni ina mbao 39, na mishale inakaa kila baada ya mbao tano. Tazama mshale wa pili kutoka kulia, ulio kwenye ubao wa 10, na usiuache kwa macho mpaka mpira uupite.

2. Mkao

Mguu wa kulia uwe nyuma kidogo ya wa kushoto. Kunja magoti kama mtu aliyetaka kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kushuka, akabadili nia. Kifua kiegemee mbele kidogo, lakini mgongo usipinde kama wa mtu anayetafuta sindano.

Mpira ukae kati ya kiuno na kifua, mbele ya bega la kulia. Narudia, mbele ya bega, si katikati ya kifua. Wengi wanaukumbatia katikati kama mtoto, halafu wanapoushusha inabidi uzunguke nyonga, na kuanzia hapo njia imepinda. Mkono wa kushoto ndio ubebe sehemu kubwa ya uzito. Kiwiko cha kulia kiguse ubavu. Bega la kulia lishuke kidogo kuliko la kushoto; ni kawaida, usilinyanyue.

3. Hatua nne

Ya kwanza, mguu wa kulia: unausogeza mpira mbele kwa mikono miwili, kama unayempa mtu sahani ya wali ng'ambo ya meza. Ya pili, mguu wa kushoto: mkono wa kushoto unauacha mpira na kwenda pembeni, mpira unashuka wenyewe. Ya tatu, wa kulia: mpira uko juu nyuma yako. Ya nne, wa kushoto unateleza huku ukilikunja goti zaidi, na mpira unarudi mbele.

Kosa kubwa liko katika hatua ya pili. Watu hawauamini mpira kwamba utashuka, basi wanausukuma. Mkono ni kamba na mpira ni ndoo; kamba haisukumi ndoo. Ukiusukuma, unawahi kabla ya miguu, unajikuta umefika mstarini mpira ukiwa mbele na mwili nyuma, ndipo unaukaba na kuutupa. Nyumbani tia paketi ya unga ya kilo mbili kwenye mfuko wa nguo, uubembeze ubavuni ukiwa umekunja magoti. Utausikia uzito ukijiendesha. (Funga mfuko vizuri. Wa kwangu ulifunguka sebuleni.)

4. Kuachia

Sasa mkono. Mpira upite karibu kabisa na kifundo cha mguu wa kushoto, huo unaoteleza. Ili upate nafasi, mguu wa kulia lazima uondoke njiani: upeleke nyuma na kushoto, vidole vikigusa sakafu. Mguu huo pia ndio unaokuzuia kuangukia kulia.

Mpira unapofika chini kabisa, mkao wa kiganja ni nyuma ya mpira na chini yake. Kidole gumba kinatoka kwanza. Siri yote imo humo: gumba kwanza, kisha uzito unahamia kwenye kidole cha kati na cha pete, na kwa kitambo kidogo kupita kufumba jicho, vidole hivyo viwili vinakuwa peke yao na mpira. Hapo mkono unapogeuka kutoka nyuma ya mpira kuelekea ubavuni mwake, vidole vinaupa mpira mzunguko. Malizia kiganja kikitazama kushoto, kama uliyenyoosha mkono kumsalimia mtu, na uache mkono upande hadi usawa wa uso.

Usisokote. Anayesokota hupitisha kiganja juu ya mpira, gumba likaelekea chini, na mpira ukabaki kuzunguka mahali pamoja kama pia. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka tu. Kukikunja kwa ndani huongeza mzunguko lakini kunahitaji nguvu za misuli. Kikilegea nyuma, mzunguko unapotea.

Kwa nini tunautaka mzunguko? Anayetumia mkono wa kulia hulenga mwanya kati ya pini ya 1, ile ya mbele kabisa, na ya 3, iliyo nyuma yake upande wa kulia, na pembe inayoangusha zote kwa urahisi ni kama digrii 6. Mpira ulionyooka, hata ukianzia ukingoni mwa leni, haufikishi digrii 2. Lakini msihangaike mkiona mpira hauanzi kukata kona mapema. Sehemu ya mbele ya leni imepakwa mafuta. Mpira unateleza juu yake, na ule mwisho mkavu ndio unaoushika na kuupinda. Kazi ya mkono inaonekana mpira ukiwa mbali nawe.

Si lazima upinde sana, lakini. Walter Ray Williams Jr. wa Marekani alishinda mataji 47 ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, kwa mpira uliokwenda karibu na mnyoofu. Huyo huyo alikuwa bingwa wa dunia wa kurusha viatu vya farasi, mchezo wa kurudia bembea ile ile maelfu ya mara.

Ukishaachia, baki hapo hapo hadi mpira uipite mishale. Ukishindwa kubaki, tatizo lilianza kabla ya kuachia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mpira wangu unaishia kwenye mtaro wa kando ya leni, upande wa kushoto, kila siku. Nimejaribu kulenga kulia zaidi, haisaidii.*

Marahaba. Mkono wako unakatiza mbele ya mwili. Ama unaushika mpira katikati ya kifua, ama mguu wa kulia haujapisha. Usibadilishe shabaha. Simama mstarini bila kutembea, mguu wa kushoto mbele, goti limekunjwa, bembeza mara mbili na uachie ya tatu. Rusha kumi hivyo kabla ya kurudi kwenye hatua nne.

*Mimi ni mwembamba, natumia pauni 9. Wanaume wa kundi letu wanasema bila nguvu hakuna straiki, yaani kuangusha pini zote kwa mpira wa kwanza.*

Dada, waambie mwaka 2010 Kelly Kulick alishinda Tournament of Champions ya PBA mbele ya wanaume, na fainali alimfunga Chris Barnes. Pauni 9 iliyoachiwa vizuri ni bora kuliko 15 iliyodondoshwa. Ukiona unaibembeza bila taabu kwa michezo mitatu mfululizo, panda hadi 10.

*Kidole gumba kinachubuka. Nivae plasta?*

Plasta itaficha. Unabana. Badilisha mpira, tafuta tundu linalokutosha.

*Vipi ile staili ya mikono miwili ya Jason Belmonte? Nimeona hatii kidole gumba kabisa.*

Inaruhusiwa, na Mwaustralia huyo amepata mataji makubwa mengi nayo. Kwa kuwa gumba halimo, mzunguko ni mkubwa sana, ila inadai mgongo unaoinama zaidi na hatua za haraka. Kijana wa miaka kumi na sita ajaribu. Wewe uliyeniandikia juzi kuhusu kiuno chako, hapana.

*Natumia mkono wa kushoto, niko Muscat. Somo lote umewaandikia wengine.*

Nisamehe, ndugu yangu. Geuza: hatua ya kwanza mguu wa kushoto, unateleza na wa kulia, mshale wa pili kutoka kushoto, mwanya ni kati ya pini ya 1 na ya 2, iliyo nyuma yake upande wa kushoto. Na kuna faida wasiyokuambia hao wa kulia: wengi wanapitia upande wao, mafuta yao yanaisha mapema. Ya kwako yanadumu, kwa hiyo ukishapata mstari wako jioni hiyo, usiuhame haraka.