Kusoma mashamba ukiwa dirishani: Malindi hadi Gongoni

Mimi ni dalali wa korosho na nazi. Barabara hii ya pwani ya Kenya naipita mara mbili tatu kwa wiki, na mashamba yake niliyajua kwa matatu kabla sijayajua kwa miguu. Natazama mimea, ndege na wadudu wanaoila, na ninavyofanya ni hivi.

1. Kaa kushoto. Asubuhi ukielekea Gongoni jua liko kulia, upande wa bahari. Ukilitazama, kila ndege ni kivuli cheusi. Jioni ukirudi jua limehamia bara, na bara sasa iko kulia kwako. Kwa hiyo kwenda kushoto, kurudi kushoto.

2. Andika mmea kwanza, ndege baadaye. Mwaka wangu wa mwanzo nilijaza kurasa tatu za "ndege weupe". Hazikunifaa kitu. Siku hizi naandika: "Mahindi yanabeba, dungu lina watoto wawili." Watoto wakiwa juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, wanaamia ndege au wanafukuza tumbili, hivyo geuza macho kwenye miti iliyo pembeni mwa shamba. Dungu likiwa tupu, mahindi bado machanga au yameshavunwa. Weupe wanaoandamana na ng'ombe ni yangeyange; wanafuata panzi wanaoruka kwato zinapopita. Mweupe aliye peke yake kwenye maji huwa ni mwingine, usimwandike jina moja na wale.

3. Darajani Sabaki, vunja sharti la kwanza. Mto unaingia baharini upande wa kulia, na maji yake mekundu yamebeba udongo wa bara. Mwombe jirani akupishe dirisha kidogo. Miezi ya kaskazi, ndege wa pwani waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia hujaa kwenye matope ya mlango wa mto, na heroe nao huonekana.

4. Minazi: hapa usiwe na haraka. Matatu ikisimama kupakia, tazama makuti. Kuti lililokatika pande zote mbili kwa umbo la V, kama limepitishwa mkasi, limeliwa na mdudu mwenye pembe. Alilitoboa likiwa bado limefumba. Likafunguka na kovu lake. Kuti lililobaki chelewa tupu, yaani njiti bila majani, ni kazi ya ndege aitwaye mnana. Mtazame: anang'ata ukingo wa jani, anaruka, na utepe unachanika nyuma yake hadi mwisho. Ule utepe ndio uzi wa kiota. Wenye minazi wanamlaani, na siwalaumu, ila mimi nikiona viota vipya najua mvua imeshafika hapo.

Kisha tafuta majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko, kwenye mnazi au mkorosho. Humo mna chungu waitwao maji moto. Wakwezi hawawapendi hata kidogo (nimeumwa shingoni, nawaelewa), lakini chungu hao humfukuza mdudu anayefyonza vidaka, zile nazi changa, vikaanguka kabla ya wakati. Mti wenye maji moto wengi mimi huuwekea alama kwenye daftari.

Mikorosho huanza kuchanua kwenye Agosti au Septemba. Nje ya msimu huo naipita tu.

5. Shuka mahali pamoja, si zaidi. Mwambie makanga mapema. Usiingie shambani eti kwa sababu hakuna ua. Nenda nyumbani, piga hodi, "Shikamoo mzee", ujieleze. Simu iache mfukoni mpaka uruhusiwe kupiga picha, maana watu wengi wakimwona mgeni anapiga picha shamba hudhani ardhi inauzwa. Mimi huuliza swali moja tu: "Msimu huu nani amewala zaidi?" Mmoja atakwambia tumbili, mwingine nguruwe wa usiku. Juzi mama mmoja wa upande wa Mambrui alinijibu bila kuinua macho kwenye kunde alizokuwa akichambua: "Mbuzi wa jirani." Nikaandika.